Jina Liwe Lako: Kuchagua Kikoa na Mahali pa Kuhifadhi Tovuti Binafsi

Mada iliyotolewa kwa watumiaji wa huduma za mawasiliano, Tabora



Kabla reli haijaufikia mji huu mwaka 1912, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara iliyosafiri kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kwa kubeba mizigo ya takriban kilo 30 kila mmoja kwa mwendo wa miezi. Hata hivyo, kubeba mzigo hakukumfanya mpagazi kuwa mwenye mzigo. Tunawaomba mlikumbuke jambo hilo mnapofikiria kufungua tovuti.

Tovuti hutegemea huduma mbili ambazo watu wengi huzilipia pamoja na kuzidhania kuwa moja. Ya kwanza ni kikoa, yaani jina ambalo msomaji huliandika ili akufikie. Ya pili ni uhifadhi, yaani nafasi katika seva ambamo maandishi na picha zako hukaa. Mhifadhi ni mpagazi: anaweza kubadilishwa wakati wowote. Jina halina mbadala. Aidha, kikoa hakinunuliwi kikawa chako milele. Husajiliwa kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja mmoja, na lazima kihuishwe.

Tuchukue mfano. Kijana anayeongoza wageni kwenye tembe la Livingstone, pale Kwihara, anamlipa fundi amtengenezee tovuti. Fundi anasajili kikoa kwa jina lake mwenyewe na kwa barua pepe yake. Miaka miwili baadaye fundi amehama na namba yake haipatikani. Taarifa ya kuhuisha inakwenda kwake, haisomwi, na jina linaachwa huru. Mtu mwingine analisajili. Kuanzia siku hiyo, kila kadi ambayo kijana aliwagawia wageni inawapeleka kwa mgeni asiyemjua. Lililo baya zaidi, mmiliki mpya anaweza kupokea barua pepe zinazotumwa kwa jina hilo, zikiwamo zile za kubadilisha nywila za akaunti nyingine za kijana. Huenda hakuna aliyekusudia wizi. Kilichokosekana ni jina la mwenye mali kwenye daftari, na wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ili hayo yasiwapate, tunashauri yafuatayo.

Kwanza, chagueni jina fupi linalotamkika na kuandikika kirahisi. Kikoa cha .tz ni cha nchi yetu na husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Usajili hufanywa kupitia wasajili walioidhinishwa. Mtu binafsi ametengewa .me.tz, mfanyabiashara .co.tz, na asasi zisizo za kibiashara .or.tz. Anayechagua .com anaingia katika taratibu za kimataifa, na ni vema azisome kabla ya kulipa.

Pili, hata kama fundi ndiye anayebonyeza vitufe, mmiliki anayeandikwa awe wewe. Akaunti kwa msajili ifunguliwe kwa barua pepe yako. Barua pepe hiyo isiwe ya kikoa hichohicho, kwa maana kikoa kikikatika, nayo hukatika, na taarifa ya kukuokoa haitakufikia.

Tatu, andikeni tarehe ya mwisho wa usajili mahali panapoonekana, na mlipe wiki kadhaa kabla. Kwa .com, jina lililofutwa huwekwa katika kipindi cha ukombozi cha siku 30, lakini kulikomboa huwa ghali kuliko kulihuisha.

Nne, kabla ya kuchagua mhifadhi, ulizeni bei ya mwaka wa pili, si ya mwaka wa kwanza pekee, kwa sababu punguzo la kuanzia aghalabu halirudiwi. Ulizeni kama cheti cha usalama kimo katika bei, nakala rudufu huchukuliwa kila baada ya muda gani, na nani hupokea simu tovuti inapozimika. Ahadi ya nafasi "bila kikomo" isomwe pamoja na masharti yake. Tovuti ya mtu mmoja yenye kurasa chache na picha zilizopunguzwa ukubwa huhitaji nafasi ndogo tu. Kupunguza picha pia humhurumia msomaji anayetumia kifurushi cha simu.

Tano, ulizeni namna ya kuondoka. Mtoa huduma mwaminifu atawaeleza jinsi ya kuhamisha kikoa na kuchukua mafaili yenu. Nanyi hifadhini nakala yenu wenyewe, nje ya seva yake.

Likitokea tatizo, wasilisheni malalamiko kwa maandishi kwa mtoa huduma, mkitunza risiti na mawasiliano yote. Msiporidhika, yafikisheni kwa Mamlaka.

Kwa wale ambao tayari mna tovuti, tunawaomba jambo moja mkifika nyumbani. Ingieni katika akaunti ya msajili, mtazame jina la mmiliki, barua pepe na tarehe ya mwisho. Ikiwa hamuwezi kuingia kwa sababu nywila anayo mtu mwingine, mpigieni leo, wakati bado anapatikana.