Nani Aliuliza? Kumfuatilia Mbunge wa Upinzani Katika Taarifa Rasmi za Bunge

Mhadhara wa umma uliotolewa Kaole, Bagamoyo

 

Nimekuja kugombana na jedwali. Mwenzangu mmoja wa chuoni, ambaye simtaji kwa kuwa amekaa safu ya pili na ananitazama, amekuwa akilisambaza kwa wanafunzi kila Bunge linapoahirishwa. Limeorodhesha majina ya wabunge wa upinzani, na mbele ya kila jina kuna maswali ya msingi, maswali ya nyongeza, michango, kisha jumla. Wa juu anaitwa mchapakazi. Wa chini anaulizwa anakula posho za nini. Tarakimu zenyewe si za kubuni, maana tovuti ya Bunge huweka chini ya jina la kila mbunge maswali na michango yake. Mwenzangu amejumlisha tu, na ugomvi wangu uko kwenye huko kujumlisha.

Mbunge hasimami akaongea anapojisikia. Anaomba nafasi, na Kiti ndicho kinachoita majina. Muda hugawanywa kwa kuangalia wingi wa wabunge wa kila chama, na mjadala wa bajeti unapoelekea ukingoni, dakika kumi hukatwa zikawa tano ili wengi zaidi waingie. Anayehesabu michango ya mbunge wa chama kidogo, kwa sehemu kubwa anahesabu ukarimu wa anayeongoza kikao. Siku hizi nimesoma tasnifu zilizojengwa juu ya hesabu hiyo. Mwanafunzi mmoja alitetea yake mbele yangu kwa grafu za rangi nne, na nilipomwomba anisimulie swali moja tu la mbunge wake na jibu alilopewa, alinyamaza. Alikuwa hajasoma hata moja. Sikumlaumu sana, maana ndivyo alivyofundishwa.

Turudi Agosti 2007. Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA, alileta hoja binafsi akitaka iundwe kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ambao Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, aliusaini London. Hoja ikaanguka na mtoa hoja akaadhibiwa: akasimamishwa ubunge hadi Januari 2008. Sasa mwambieni mwenye jedwali aniletee tarakimu za Zitto za Mkutano wa Novemba mwaka ule. Ni sifuri. Lakini hakuna miezi ambayo mbunge yule alisikika zaidi nchini kuliko hiyo. Novemba hiyo hiyo Rais Kikwete aliunda kamati ya Jaji Mark Bomani kupitia upya sekta ya madini, akamteua ndani yake yule yule aliyefukuzwa ukumbini. Kazi ya kamati ile ilisaidia kuleta Sheria ya Madini ya 2010. Jedwali linasema mbunge alikuwa mtoro.

Au chukueni Juni 2016, wabunge wa upinzani walipokuwa wakitoka nje kila Naibu Spika Tulia Ackson alipokalia Kiti, wengine wamejibandika karatasi za gundi mdomoni. Mwaweza kuwasifu au kuwalaumu. Mimi nilidhani wiki ya kwanza ilitosha. Ila lilikuwa tendo la kibunge, tena zito, na katika safu za mwenzangu halina pa kukaa. Hapo tayari TBC ilikuwa imeacha kurusha vikao vyote moja kwa moja, baada ya Waziri Nape Nnauye kutangaza mwezi Januari kwamba gharama ni shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Kwa hiyo wananchi wengi hata kule kutoka nje hawakukuona.

Kuna na la Tundu Lissu, ambalo nalitaja kwa uzito wake. Alipigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, akatibiwa Nairobi kisha Ubelgiji. Mwishoni mwa Juni 2019 Spika Job Ndugai alitangaza kwamba kiti chake cha Singida Mashariki kiko wazi, kwa sababu mbili: mbunge hakuhudhuria vikao bila kumpa Spika taarifa ya maandishi, na hakuwasilisha tamko la mali. Ibara ya 71 ya Katiba inazungumzia mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika, na wanasheria wamekwisha kubishana sana juu yake; siingii humo. Nataka tu muone mahudhurio yanavyoweza kuhesabiwa kwa usahihi na hesabu hiyo isimweleze mtu aliyelala hospitalini.

Haki itendeke. Jedwali lina kazi moja inayofaa. Linamfichua bubu, yule aliyeapa, akaketi miaka mitano, akapiga makofi. Bubu wapo pande zote za ukumbi, na bila hesabu wangejificha. Namwachia mwenzangu ushindi huo.

Nikitoka hapo naenda kwenye kitabu ninachokipenda kuliko magazeti yote, Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, ambazo wengi bado tunaziita Hansard. Wanaodhani ni kavu hawajazisoma. Mwandishi wake hana maoni, ila ana masikio. Anaandika kwenye mabano kwamba kulikuwa na makofi, au kicheko, au vyote kwa pamoja, na siku nyingine vigelegele. Anaandika kengele ilipolia mzungumzaji akiwa katikati ya sentensi, na sentensi inabaki imekatika hivyo hivyo kwenye karatasi. Kuna na mhusika wangu nimpendaye, MBUNGE FULANI, yule asiyetambulika aliyeropoka kutoka nyuma. MBUNGE FULANI amekuwa bungeni muda mrefu kuliko wote, hana jimbo, hana chama, na mara nyingi neno lake moja ndilo lililomtoa waziri kwenye mstari. Msomaji akizoea, anajua kikao kilichochangamka kwa kutazama tu mabano yamekaa wapi katika ukurasa.

Humo ndani nina imani yangu, na miaka ya kubishana haijaiondoa: kazi ya upinzani huonekana katika swali la nyongeza kuliko mahali pengine popote. Swali la msingi hupelekwa mapema, na waziri hujibu kwa karatasi iliyoandikwa wizarani. La nyongeza huja papo hapo. Hapo ndipo mnapomwona naibu waziri akiiacha karatasi yake na kutafuta pa kushika: Serikali italifanyia kazi, upembuzi yakinifu unaendelea, itategemea upatikanaji wa fedha. Wenzangu hunijibu kwamba maswali mengi ya nyongeza ni ya kuomba barabara na zahanati, na wabunge wa chama tawala huyauliza pia. Ni kweli. Bado naamini.

Mfano ninaofundishia ni wa mwaka 2014. Habari ya kampuni ya umeme ya IPTL na fedha zilizotolewa katika akaunti ya Tegeta Escrow mnaijua, sina haja ya kuirudia. David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini kupitia NCCR-Mageuzi, aliishikilia katika Mkutano wa Bajeti mpaka Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Frederick Werema, akamwita tumbili. Fungueni Taarifa Rasmi za Juni mwaka ule msome kelele zilivyokuwa. Lakini msiishie kwenye kelele, fuateni swali. Lilitoka mikononi mwa Kafulila, likapita kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, likaingia Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto Kabwe wa upinzani na makamu wake Deo Filikunjombe wa CCM, likarudi ukumbini mwishoni mwa Novemba likiwa taarifa inayozungumzia zaidi ya shilingi bilioni 300. Desemba Werema alijiuzulu na Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa uwaziri. Januari 2015 Profesa Sospeter Muhongo naye akajiuzulu uwaziri.

Na wauliza swali je? Zitto alitoka CHADEMA akaenda ACT-Wazalendo mwaka ule ule wa 2015. Kafulila alishindwa uchaguzi, na baadaye akahamia CCM na kupewa nyadhifa serikalini. Filikunjombe alifariki katika ajali ya helikopta Oktoba 2015. Aliyekuwa akifuatilia mtu amebaki na wasifu wa wanasiasa watatu. Aliyefuatilia swali ana historia ya jinsi Bunge lilivyomfikia waziri.

Bunge la 2020 lilitutia mtihani mwingine. Kambi Rasmi ya Upinzani haikuwapo tena. CHADEMA ilipata jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini, la Aida Khenani. Kando yake waliapishwa wanawake 19 wa viti maalumu, akiwamo Halima Mdee, ambao chama chao kilisema hakikuwateua na kikawavua uanachama. Jedwali liliwaandika wote CHADEMA na kuendelea na safari. Mimi sijui hesabu hiyo inajumlisha nini: mbunge ambaye chama chake kinamkana ni upinzani kwa nani? Ukisoma maswali yao unapata la kusema. Mmoja wao, Naghenjwa Kaboyoka, aliongoza Kamati ya Hesabu za Serikali, Mdee akaja kuongoza ile ya serikali za mitaa, na hoja za ukaguzi zilizosomwa ukumbini zilikuwa zile zile zinazoumiza halmashauri zetu, yeyote aliyezisoma.

Naja nyumbani. Shangazi yangu wa Mlingotini, ambaye kila nikimwamkia huniuliza habari za Dodoma kabla ya habari za watoto, ana swali moja tu kuhusu bandari iliyopangwa kujengwa Mbegani: nani ametuulizia? Jiwe la msingi liliwekwa Oktoba 2015. Mwaka 2019 Rais Magufuli aliyakataa hadharani masharti ya wawekezaji, dhamana ya miaka 33 na ukodishaji wa miaka 99. Mwaka 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yanafufuliwa. Katikati ya hayo wenye mashamba na minazi walikuwa wakidai fidia. Jimbo letu lilikuwa la CCM miaka yote hiyo, na mwaka huo wa 2019 Spika Ndugai, mwana CCM, aliusemea mradi kutoka Kiti chenyewe. Kwa hiyo shangazi hasaidiwi na orodha ya wapinzani wachapakazi. Anachohitaji ni kujua siku ambayo neno fidia lilitamkwa ukumbini, waziri aliahidi nini, na kama ahadi hiyo iliguswa tena katika bajeti iliyofuata.

Kazi hiyo haitaki shahada. Taarifa Rasmi zimo katika tovuti ya Bunge, hupakuliwa bure, na zinatafutika kwa neno. Nawaomba wanafunzi mliokuja leo, kabla hamjapanda basi la kurudi Dar es Salaam, kila mmoja achukue kijiji kimoja kati ya Zinga na Kaole, atafute jina lake katika Taarifa Rasmi kuanzia 2013, na alichokipata akilete kwa maandishi kwa mwenyekiti wa kijiji hicho. Jedwali la mwenzangu mnaweza kumrudishia; nimekwisha mwambia.