Kuachishwa Kazi Ukiwa na Miaka Hamsini na Kitu
(Maneno tuliyosema mbele ya vikundi vya kujisaidia vilivyokutana Vihiga)



Tumeombwa tuzungumze juu ya kupoteza kazi uzeeni. Neno hilo la uzeeni hatulikubali. Mdogo wetu ana miaka 51 na mkubwa wetu ana 57. Sisi si wazee wa kukaa kivulini, na vijana pia si sisi. Taabu iko hapo katikati. Matangazo ya kazi yanataka mtu asiyezidi miaka 35, na huku watoto wa mwisho bado wako sekondari.

Tuko watano. Sote tulifanya kazi kwenye mashamba ya chai huko Kericho: watatu wachunaji, mmoja fundi wa boila kiwandani, mmoja karani wa kupima majani. Mashine za kuchuna zikaongezeka. Mei 2023 watu walizichoma moto huko Kericho, nyinyi mlisikia kwenye redio. Hatukuja kuwasifu wala kuwalaumu. Mwaka uliofuata barua zetu zilikuja.

Asiyewahi kukaa kwenye shamba la chai hawezi kujua barua kama hiyo inachukua nini. Nyumba ni ya kampuni. Maji ni ya kampuni, zahanati ni ya kampuni, na shule ya watoto iko pale pale. Mshahara ukiisha, hata mlango unaufungulia mtu mwingine. Basi tukafunga virago tukarudi huku nyumbani, ambako wengi wetu hatufikishi ekari moja, na hata hicho kipande kilikuwa kikilimwa na ndugu kwa miaka ishirini. Unamwambiaje ndugu yako atoke? Mmoja wetu bado hajamwambia. Wanagawana mistari ya mahindi.

Sasa tuseme jambo ambalo lilitugharimu kuliko yote, nalo ni aibu. Mwenzetu mmoja alifika nyumbani akasema amepewa likizo. Likizo ile ilienda wiki sita. Kila Jumamosi alinunua nyama, maana mtu wa kutoka kazini hutarajiwa kununua nyama. Alimlipia ndugu yake deni, na kwenye harambee ya mazishi akatoa mchango mkubwa mbele ya watu. Mama watoto alipata habari za kweli kutoka kwa mwanamke mwingine sokoni Chavakali. Alipomuuliza mumewe usiku ule, pesa zilizobaki hazikufika karo ya muhula mmoja. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa tuseme, na yuko hapa ameketi.

Pesa za mwisho zinadanganya kwa sababu zinakuja pamoja. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mtu aliyepunguzwa kazi alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka mzima aliotumika. Hebu piga hesabu. Aliyetumika miaka 22 anapata siku 330. Ukiziona zote kwa mkono mmoja utadhani umetajirika, kumbe ni kama mshahara wa miezi 11 tu, na umri wako wa kufanya kazi bado una miaka mingi. Juu ya hizo kuna notisi ya mwezi mmoja au mshahara wake, na siku za likizo ambazo hukuzichukua. Mkataba wa chama cha wafanyakazi unaweza kuongeza.

Lakini soma kabla ya kutia sahihi. Mchunaji mmoja kati yetu alipewa karatasi iliyosema anaacha kazi kwa hiari yake. Alitia sahihi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, na zile siku 15 za kila mwaka hakuzipata. Ukiona hivyo, nenda ofisi ya leba, tena mapema, kwa maana madai ya kazi yakipita miaka 3 mahakama haiyapokei. Na daini cheti cha kazi. Ni haki yako kwa sheria, na bila hicho miaka yako ishirini ni hadithi tu.

Neno moja kwa wenye presha na sukari: kampuni ikikuacha, makato ya SHA nayo yanasimama. Nenda ukapimwe kiwango chako kama mtu asiye na mshahara uanze kulipa mwenyewe. Cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi.

Je, kazi tulitafuta? Tulitafuta. Fundi wa boila alizunguka Nakuru na Nairobi miezi minne na bahasha mkononi. Mtu mmoja akamla shilingi elfu tano akimwahidi nafasi. (Anayekuuliza pesa ndipo akupe kazi, hana kazi.) Mwishowe boila ya jikoni iliharibika kwenye shule moja ya bweni, na mpishi wa pale alimfahamu kutoka Kericho. Hakuna aliyemuuliza umri. Siku hizi anahudumia shule tatu, kila moja inamlipa kwa muhula. Karani naye anapima majani msimu wa chai kwenye kituo cha wakulima wadogo. Wachunaji wawili wanachuna chai za majirani kwa kilo. Pesa ni kidogo kuliko ya Kericho, na siku ya kwanza kuonekana na kikapu kwa jirani uliyesoma naye si rahisi. Wa tano bado hana kitu.

Huyu wa tano ndiye aliyetuleta mbele yenu. Kikundi chake kina sheria kwamba asiyeleta mchango mara tatu anatolewa. Amekosa mara mbili. Alichangia miaka tisa akituma kutoka Kericho, hata mabati ya wenzake yalitoka humo. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya wakaidi, siyo kwa mtu aliyeachishwa kazi. Sisi tunaomba mchango wake upunguzwe mpaka apate kibarua, na zamu yake ya kupokea isogezwe nyuma ili asiwaonee wengine. Tunajua wapo watakaosema tukifungua mlango huo kila mtu atapita. Wana haki ya kusema hivyo, na wajibiwe.

Mwenyekiti ametuahidi jambo hilo litajadiliwa kabla hatujatawanyika. Na wenye barua za kazi mifukoni msione haya: tuko pale chini ya mwembe mpaka saa kumi, karani wetu atazisoma pamoja nanyi.