Kaa Upande wa Kulia wa Babu

Hotuba iliyotolewa katika mkusanyiko wa Siku ya Uhuru, Al-Naseem, Riyadh, na kusomwa kwa wanajumuiya wenzetu wa Al-Naseem, Jeddah

 

Viongozi walipotuomba sisi wauguzi tuseme machache mwaka huu, bila shaka walitegemea tuzungumzie sukari na presha kama kawaida yetu. Sukari na presha bado zipo, na meza ya vipimo iko pale karibu na mlango, msiondoke bila kupita. Lakini leo tumeomba ruhusa tuzungumzie bunduki. Msishtuke, mtaona tunakoelekea.

Jambo lenyewe lilianza Ijumaa moja kwenye istiraha. Wazee wanne waliokuja kuwaona watoto wao na kufanya Umra walikuwa wamekaa kwenye zulia, kahawa na tende mbele yao. Walikuwa hawafahamiani. Mmoja akamwuliza mwenzake, "Mzee mwenzangu, JKT ulipita wapi?" Akajibiwa, "Makutupora. Na wewe?" "Oljoro." Basi, ikawa ndiyo hivyo. Kahawa ikapoa, isha ikaingia, tukaswali, wakarudi pale pale walipoachia.

Kwa watoto wetu mliozaliwa huku, tueleze kidogo. JKT ni Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, ambako vijana wa Tanzania walifundishwa kulima, kujenga, kukimbia mchakamchaka alfajiri na kushika silaha. Wengi walitoka hapo wakaingia JWTZ, jeshi letu lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964. Kabla yake palikuwa na Tanganyika Rifles, na kabla ya hapo palikuwa na jeshi la Mwingereza, King's African Rifles, ambalo babu zetu walishindwa kulitamka wakaliita keya. Keya hao ndio waliopelekwa mpaka Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, siku hii tunayoiadhimisha, aliyesimika bendera yetu na Mwenge juu ya Mlima Kilimanjaro alikuwa askari, Luteni Alexander Nyirenda. Kwa hiyo tukizungumza habari za askari leo hatujatoka nje ya sherehe.

Turudi kwenye zulia. Wazee waliposema neno SMG, vijana wetu wa PUBG wakaacha simu wakasogea. Wakauliza ni bunduki gani hiyo, mbona kwenye mchezo haipo. Wazee wakacheka. SMG ya jeshini kwetu ndiyo ile ambayo dunia inaiita Kalashnikov, na magazini yake inabeba risasi 30. Dada yake ni SAR, bunduki ya Simonov, ndefu kidogo, inabeba risasi 10 tu, na ina singe inayokunjwa chini ya mtutu. Muundo ni wa Kirusi, lakini nyingi zilitufikia kutoka China. Zote mbili zinakula risasi ya aina moja. Mzee mmoja, ambaye baba yake alikuwa keya, akasema baba yake alibeba 303 ya Mwingereza, ambayo kila ukipiga risasi moja lazima uvute komeo kwa mkono ndipo upige nyingine. "Sisi na SAR tulijiona matajiri," akasema, "lakini afande alitufundisha ubahili. Risasi moja, tundu moja."

Hapo wakaingia kwenye shabaha. Walitueleza kwamba kuruta hapewi risasi siku ya kwanza. Kwanza analala kifudifudi kwenye vumbi na bunduki tupu, siku baada ya siku. Mwenzake anaweka sarafu ya shilingi juu ya mtutu, karibu na mdomo wake. Kuruta anavuta pumzi, anatoa nusu, anaizuia iliyobaki, halafu anabana kifyatulio taratibu kama anayekamua jipu la mtoto. Shilingi ikianguka, anaanza upya. Shilingi ya siku zile ilikuwa na sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika Mwenge upande wa pili. Mzee wa Oljoro alisema, "Afande alikuwa akituambia, ole wako umwangushe Mwalimu."

Ndipo ikaja siku ya risasi za moto. Kila ganda lililoruka lilihesabiwa. Likipungua moja, platuni nzima inapiga magoti kwenye nyasi mpaka lipatikane, hata kama ni magharibi na njaa inauma. Mmoja wa wazee hao ni mashoto. Alisema afande alimchukia, kwa sababu bunduki ile inatupa maganda upande wa kulia, nayo yakawa yanampita mbele ya uso yakiwa moto. Walitaka kumbadilisha bega, ikashindikana. Mwisho alipiga shabaha kuliko wote, afande akanyamaza.

Kijana mmoja akauliza swali zuri: "Babu, masikioni mlivaa nini?"

Wazee wakatazamana. "Tuvae nini? Tulivaa kofia." Mmoja alisema walitafuna karatasi wakaiziba sikioni, afande akiona wanaitoa. Mwingine alisema baada ya mazoezi masikio yaliimba kama nyenje usiku kucha, na makuruta wakaona fahari, wakasema sasa tumekuwa askari. Tukamwuliza nyenje hao walinyamaza lini. Akasema, "Mpaka leo wapo. Tumezoeana."

Hapo ndipo sisi wauguzi tuliokuwa tunagawa kahawa tulipotazama vizuri. Kila mtoto alipouliza kitu, wazee watatu waligeuza kichwa vile vile, wakaleta sikio la kulia mbele. Wa nne aligeuza kinyume, akaleta la kushoto. Huyo wa nne ndiye yule mashoto.

Ndugu zetu, tuseme ukweli wetu. Shahada ya uuguzi tuliifuata nje ya nchi, India, miaka minne. Tulifundishwa sikio kwa mchoro. Tulifundishwa kwamba mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60, na kwamba mlio mmoja wa bunduki ya kivita unapita desibeli 140, kiwango ambacho mlipuko mmoja tu unaweza kudhuru. Tulifundishwa kwamba ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti, na kwa binadamu vikishakufa havioti tena. Hata hili tulifundishwa: anayelenga kwa bega la kulia huinamisha shavu kwenye kitako cha bunduki, hivyo sikio la kushoto linaelekea mdomo wa mtutu, na la kulia linakingwa na kichwa chenyewe. Ndiyo maana mara nyingi la kushoto ndilo linaloumia zaidi. Tulijibu mtihani, tukafaulu.

Lakini baba yetu mwenyewe, aliyekwenda Kagera, tulimwita mbishi.

Sisi watoto wake tulilelewa tukiambiana, "Baba hasikii mpaka apende." Tukikaa kushoto kwake mezani tulimwomba ada, akaendelea kula. Tulilia tukidhani ametunyima. Tulipokuja huku Saudia tukawa tunampigia kila Ijumaa. Anajibu "eeh, eeh, vizuri," halafu anampa mama simu. Wajukuu zake wakaacha kumsalimia. Mmoja alituambia, "Babu hanipendi, nikimwambia habari za shule anasema alhamdulillah tu." Nasi tulimtetea kwa kusema, ah, wazee wa jeshi ndivyo walivyo.

Usiku ule tuliporudi kutoka istiraha tukapiga simu nyumbani. Tukamwuliza mdogo wetu, baba anashika simu kwa mkono gani? Akasema, wa kushoto, kwa sababu wa kulia ana bakora. Tukamwambia amhamishie. Baba akaweka simu sikio la kulia, tukamwamkia, akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Kumbe sauti zenu hazijabadilika."

Hatukuwa na la kusema. Ilikuwa imepita miaka kumi na mbili.

Sauti zinazopotea kwanza ni zile kali na nyembamba: s, f, sh, t, na sauti za watoto. Mzee anasikia kwamba mtu anazungumza, lakini haelewi anachosema. Ukimwambia "sita" anasikia "fika". Akiuliza mara mbili watu wanakasirika, basi anajifunza kutikisa kichwa na kusema alhamdulillah. Huo si ubishi. Ni mtu anayejihifadhi asionekane mjinga mbele ya wajukuu wake.

Kwa hiyo tunawaomba haya, ni machache. Mkikaa na babu aliyepita jeshini, kaeni upande wa sikio lake zuri. Kwa wengi ni kulia, lakini mtazameni anavyogeuza kichwa, atawaonyesha mwenyewe. Zungumzeni mkimwangalia usoni, taratibu, kwa sauti nzito kidogo. Msipige kelele, kwa sababu kelele inaharibu maneno na inamuumiza. Zimeni televisheni. Na mkipiga simu, ulizeni imeshikwa mkono gani.

Kwa sisi watu wazima: mpelekeni mzee kliniki ya masikio kwenye hospitali ya rufaa apimwe. Huenda ni nta tu, inatolewa siku hiyo hiyo. Huenda ni umri, au dawa alizotumia zamani, kwani kwinini nyingi na sindano za kifua kikuu za aina fulani huweza kugusa masikio. Na kama ni bunduki, kipo kifaa cha kusaidia kusikia. Tunatuma nyumbani pesa za bati, za ada na za harusi. Mwaka mmoja tutume za masikio.

Na nyinyi vijana wa PUBG, hamkuachwa. Mnavaa vile vipaza sauti masikioni mpaka sisi tuliokaa ng'ambo ya sebule tunasikia milio ya risasi. Babu zenu hawakuwa na hiari, afande alisimama nyuma yao. Nyinyi kitufe cha kupunguza mnacho wenyewe.

Lipo jambo moja la mwisho la usiku ule, na tumejadiliana kama tuliseme. Tumeona tuliseme.

Wale wazee walizungumza karibu saa tatu habari za bunduki. Walitaja uzito wake, mafuta yake, namna ya kuifungua na kuifunga kitambaa kikiwa machoni, na nani alipata ngapi kwenye shabaha ya mita 100. Wawili wao walikwenda Kagera, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvuka mpaka Oktoba 1978, wakatembea na jeshi mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Baadhi yetu tulizaliwa miaka hiyo hiyo. Katika saa hizo zote vita vyenyewe walivitaja kwa mvua na matope na viatu. Kila mara hadithi ilirudi kwenye uwanja wa shabaha, mahali ambapo kilicho mbele yako ni karatasi iliyogundishwa kwenye ubao.

Binti mmoja wa miaka tisa akamwuliza mzee wa Makutupora, "Babu, na wewe ulimpiga mtu?"

Mzee hakujibu. Alichukua tende, akaitoa kokwa, akaiweka kando. Mama wa mtoto akasema haraka, "Babu hajasikia, mwanangu." Tukalipokea, tukamwaga kahawa nyingine.

Lakini mtoto yule alikuwa amekaa kulia kwake.

Hatukuligusa tena, wala hatuwashauri mliguse. Kazi yetu imetufundisha kwamba mgonjwa anayekueleza mguu unavyouma, mara nyingine anakueleza kingine, na unachotakiwa kufanya ni kubaki umekaa pale. Wazee wetu wakitusimulia shilingi juu ya mtutu, tusikilize mpaka mwisho, hata kama tumeshaisikia mara kumi. Wakitaka kwenda mbele zaidi ya hapo watakwenda wenyewe, na watamchagua wa kumwambia. Atakuwa yule aliyekaa karibu, upande unaosikia.

Basi leo, chakula kitakapoletwa, watoto, kabla ya kukimbilia pilau, kila mmoja amtafute mzee mmoja hapa ukumbini, amwamkie, akae upande wake mzuri, amwulize: "Babu, JKT ulipita wapi?" Halafu asiondoke mpaka kahawa ipoe.

Na kesho mpigieni simu babu wa nyumbani.

Heri ya Siku ya Uhuru.