Shilingi ya Serikali na Usalama wa Mtu
(Maneno yaliyosemwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Likitajwa neno usalama, wengi wetu huwaza askari na bunduki. Lakini mwaka 1994 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilieleza kuwa usalama wa mwanadamu ni pamoja na chakula, afya na riziki yake. Katiba yetu ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya matibabu, chakula na maji safi. Basi haifai kuuliza tu ni fedha ngapi zilizotumiwa. Hapana budi tuulize zimemlinda nani.

Mwezi wa Juni 2013 Serikali iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali zake. Lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, uchunguzi wa afya wa 2014 ulikadiria kuwa akina mama 362 hufa kwa sababu ya uzazi kwa kila watoto 100,000 wazaliwao hai. Sensa ya 2019 ilikadiria 355. Hesabu hizo hazikufanywa kwa njia moja, lakini zatuonya kwamba kufuta ada peke yake hakutoshi, ikiwa ndani hamna damu, dawa wala mkunga.

Sisi tushikao daftari twajua kwamba hati ya malipo yaweza kuwa na sahihi na mihuri yote, na mgonjwa akarudi nyumbani bila dawa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli, ila daftari safi si dawa. Ndiyo maana Kifungu cha 229 chataka taarifa ya Mkaguzi Mkuu ionyeshe kama fedha za umma zimetumiwa kwa halali, na tena kwa manufaa.

Mwaka jana mfuko wetu ulilipia mazishi ya mama mmoja wa kwetu. Uchungu ulimshika usiku, akapelekwa zahanati, akakuta imefungwa. Jengo ni jipya. Gari la kuleta maiti lilitugharimu zaidi kuliko gari ambalo lingemfikisha hospitali akiwa hai. Gharama hiyo imo katika hesabu mlizosomewa leo.

Zahanati ni dhamana ya Serikali ya Kaunti, na Kaunti yapaswa kuwasikiliza wananchi kabla ya kupitisha makadirio yake. Kwa hiyo twaomba Halmashauri iwateue wanachama wawili kuhudhuria kikao hicho kila mwaka, wakaulize mambo matatu: Je, zahanati hufunguliwa usiku? Dawa zilikosekana siku ngapi? Gari la wagonjwa lina mafuta? Majibu yaandikwe, yasomwe mbele yenu katika mkutano ujao.

Wazee wetu, twaomba baraka zenu katika jambo hili.