Mwanamke wa Marumaru Aliyeshika Tama

Juma hili nina jambo la nyumbani, na mtaniwia radhi nikianzia makaburini.

Ukoo wetu, ulioko Mbozi, umekubaliana kumjengea kaburi bibi yetu mzaa baba. Alifariki mwaka 1991, na hadi leo pale alipolala pana tuta la udongo tu na msalaba wa mti uliokwisha kuliwa na mchwa. Michango imetimia, nami, kwa kuwa ndiye ninayeishi Tunduma, nikapewa kazi ya kutafuta fundi.

Nilimpata Mpemba, kando ya barabara kuu, pale malori yaendayo Zambia yanapopita mchana kutwa na kuacha kila kitu kimefunikwa vumbi. Chini ya mwembe wake pana kipande cheupe cha marumaru, urefu wake kama mkono. Akaniambia, "Mzee, wewe niletee picha ya marehemu tu. Uso nitautoa."

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Bibi hakupata kupigwa picha hata moja. Shangazi akashauri fundi amtazame yeye, kwani watu husema amefanana na mama yake. Baba mdogo akakataa katakata: kaburi la marehemu haliwekwi uso wa mtu aliye hai! Kikao kikavunjika, na chai ikapoa.

Usiku ule nikakumbuka sanamu moja niliyoiona zamani katika kitabu cha maktaba. Mchongaji wake ni Constantin Brancusi, mtoto wa wakulima wa kijiji cha Hobița nchini Romania, aliyezaliwa mwaka 1876 na kufika Paris mwaka 1904. Mwaka 1907 alifanya kazi kwa muda mfupi katika karakana ya Rodin, bingwa wa siku zile. Bingwa huyo alifinyanga kwa udongo, na marumaru ikachongwa na mafundi wa kuajiriwa waliohamisha vipimo kwa uangalifu mkubwa. Brancusi akaondoka. Alitaka kushika patasi mwenyewe na kulikata jiwe moja kwa moja.

Mwaka 1910 alifahamiana na mchoraji wa Hungaria, Margit Pogány. Dada huyo alisimulia baadaye kwamba alipotembelea karakana aliona kichwa cha marumaru nyeupe ambacho hakikuwa na sura yake hata kidogo, kilikuwa macho matupu, lakini moyoni akahisi kwamba ni yeye. Mwenye karakana alifurahi sana kuona amejitambua. Ndipo akamwomba amchonge. Alikaa mbele yake mara kadhaa, na kila mara Brancusi alimaliza kichwa cha udongo, kisha akakirudisha kwenye lundo la udongo. Dada wa watu alipolalamika, fundi alicheka tu!

Mapema mwaka 1911 Pogány akarudi kwao. Brancusi akaichonga marumaru mwaka 1912, mwenyewe hayupo, kwa kumkumbuka tu. Kichwa ni laini kama yai. Nyusi zimepinda na kushuka hadi kuwa pua, macho ni makubwa mno, na mikono imeunganishwa chini ya shavu lililoinama. Kwa kifupi, ameshika tama. Nakala ya plasta ilipoonyeshwa New York mwaka 1913, watu walicheka, na wapo walioifananisha na yai la kuchemsha lililowekwa juu ya donge la sukari. Yeye hakubadili njia. Alimrudia mwanamke yule yule mwaka 1919, na tena mwaka 1931, kila mara akipunguza, hata macho yakabaki mkunjo tu. Ile marumaru ya 1912 sasa iko katika jumba la makumbusho la Philadelphia, Marekani.

Asije mtu akasema haya ni mambo ya Wazungu. Miaka ile ile wasanii wa Paris walikuwa wakienda kutazama vinyago vya Afrika katika makumbusho yao, na kustaajabu kwamba mtu anaweza kuonyeshwa kwa kichwa kikubwa na miguu mifupi, bila kupimwa kwa futi, na bado akawa mtu kamili.

Basi nikarudi Mpemba. Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamwonyesha fundi jinsi bibi alivyokuwa akikaa jioni kwenye kigoda chake, baada ya kuanika kahawa: kichwa kimelala upande wa kushoto, viganja viwili vimekutana chini ya shavu, kitambaa kimefungwa hadi nyusi. Sisi watoto tulikatazwa kushika tama, tukiambiwa ni kujiitia mikosi. Yeye alishika kila siku, tangu alipozikwa kitinda mimba wake.

Fundi alinitazama kwa muda. Lori moja likapita, akangoja kelele ziishe. Akauliza, "Na macho?" Nikamjibu kwamba sikumbuki rangi yake wala ukubwa wake, nakumbuka alikuwa akiyafumba. Akachukua mkaa, akachora juu ya lile jiwe mstari mmoja wa duara, na mwingine mfupi ukikatiza chini yake.

Nilimwita shangazi aje kuona, bila kumweleza lolote. Alisimama mbele ya ule mchoro wa mkaa, kitenge amejifunika mabegani, kisha akasema polepole, "Mama."

Baba mdogo bado hajaja. Amesema atafika Jumamosi, na fundi ameahidi hatagusa patasi kabla ya hapo.