Ugonjwa wa Umeme katika Pikipiki Kuukuu



Wengi wetu twanunua pikipiki iliyokwisha tumiwa, na taa zikififia twakimbilia betri mpya. Mshahara waenda, ugonjwa wabaki. Sisi tulikosa hivyo mara mbili. Kumbe waya wa betri uliofungwa kwenye chuma cha pikipiki ulikuwa umeshika kutu.

Basi twawasihi, anzeni na lililo jepesi. Tazameni fyuzi, sugueni vichwa vya betri, kazeni waya ule. Kisha pimeni: betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha kama 12.6 injini ikiwa imezimwa, na kama 14 injini ikienda mbio. Isipopanda, kaguni kwanza mtambo wa kuchaji. Huenda betri haina hatia.