Kitabu cha Kwanza cha Mtoto

Leo tunasema na wazazi na walezi wenye mtoto anayeanza kusoma.

Ukifika dukani kumnunulia kitabu, usivutiwe na jalada peke yake. Fungua ndani. Kitabu cha mwanzo kiwe na sentensi moja au mbili kwa ukurasa, herufi kubwa, na picha inayoonyesha kile kile kinachosemwa. Maneno yajirudie. Anza na silabi nyepesi, kama za baba, kuku na paka; maneno kama ng'ombe, mbwa na nyangumi yaje taratibu.

Kisha mpe mtoto asome ukurasa mmoja kwa sauti. Akikwama kwenye maneno mengi, kitabu hicho bado ni kigumu. Msomee wewe, kisha umtafutie chepesi zaidi. Lakini hapa tuwe makini sana. Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo mtoto anaweza kutamka kila neno sawasawa bila kuelewa lolote. Mfunikie ukurasa, umwambie, "Haya mwanangu, nisimulie." Akisimulia, ameelewa.

Hadithi nayo iwe na utamu. Mtoto hawezi kurudia kitabu kisichomchekesha wala kumtia hamu ya kujua kitakachofuata, na kurudia ndiko kunakomfundisha.

Kama fedha ni tatizo, tovuti ya African Storybook hutoa hadithi za Kiswahili bure kwenye intaneti, zimepangwa kwa viwango, na simu inatosha kuzifungua. Mzazi, leo jioni kaa na mwanao, msome moja.